Fedha ya Sokoni na Fedha ya Bahati

Katika mikutano ya vikundi vyenu hapa Kabondo kumezuka swali ambalo halistahili kujibiwa kwa kicheko wala kwa hasira. Je, Afrika isianzishe sarafu yake yenyewe ya kripto, ya kulipia kwa simu mambo ya kila siku, tangu kwanga la asubuhi hadi karo ya shule, bila benki na bila kungoja ruhusa ya mtu? Anayeuliza hivyo hana nia mbaya. Ameona tabu ya wazazi wake na fedha, naye anatafuta njia.

Naeleza msimamo wangu mapema ili kila msomaji ajue ninakoelekea. Chombo kinachouzwa kwa ahadi kwamba bei yake itapanda hakiwezi kuwa fedha ya sokoni, na akiba ya kikundi cha vijana haipaswi kuwekwa humo hata franka moja. Sisemi hivyo kwa kuogopa mambo mapya. Nasema kwa sababu jaribio limekwisha kufanyika, mara kadhaa, tena jirani kabisa na sisi, na matokeo yake yanajulikana.

Tuanze na haki ya wanaouliza. Historia ya fedha katika nchi yetu ni historia ya imani iliyovunjwa. Desemba 1979 serikali ya Zaire ilifuta noti za zaire 5 na za zaire 10, ikawapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Waliokuwa mbali na benki walibaki na karatasi mikononi. Mwishoni mwa 1992 ilitolewa noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara wakaikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaupora mji wa Kinshasa. Mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na Kasai ikakataa kuipokea. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa karibu asilimia 9,800. Franka ya leo ilipozaliwa tarehe 30 Juni 1998, moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Baada ya hayo yote, nani atamlaumu mama anayeweka akiba yake kwa dola? Na dola nayo ina tabu zake: noti yenye mpasuko mdogo ukingoni hukataliwa dukani, ingawa huko ilikochapwa ingali halali. Basi kijana anapoota fedha isiyoweza kufutwa kwa amri ya usiku mmoja, ndoto yake ina mizizi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kripto, kwa msingi wake, ni daftari. Badala ya daftari moja kukaa mikononi mwa benki, nakala zake hukaa katika kompyuta nyingi duniani, na kila malipo mapya huandikwa katika nakala zote baada ya kompyuta hizo kukubaliana. Ukurasa uliokwisha kuandikwa haufutiki kwa urahisi. Mwenye fedha hutambulikana kwa ufunguo wa siri, yaani mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Aliye na ufunguo ndiye mwenye mali. Bitcoin, iliyotangulia zote, ilianza kutumika Januari 2009. Huu ni ubunifu wa kweli na wenye akili nyingi. Lakini daftari hueleza nani ana kiasi gani. Halielezi kiasi hicho kitanunua nini kesho. Hapo ndipo penye kisa.

Tutazame ng'ambo ya mto Ubangi. Anayesimama Zongo, upande wetu, anaiona Bangui kwa macho. Aprili 2022 bunge la Jamhuri ya Afrika ya Kati lilipitisha sheria iliyoifanya Bitcoin kuwa fedha halali ya nchi sambamba na franka ya CFA, naye Rais Faustin-Archange Touadéra akaitia saini. Ilikuwa nchi ya pili duniani kufanya hivyo, baada ya El Salvador mwaka 2021. Wakati huo, kati ya watu kumi wa nchi hiyo, mmoja tu hivi ndiye aliyefikiwa na intaneti, na umeme ulikuwa wa wachache. Miezi mitatu baadaye serikali ikazindua sarafu yake yenyewe, Sango, ikitangaza kwamba utajiri wa madini wa nchi ungepata mlango wa kuingia katika daftari hilo. Mgeni aliyekubali kufungia Sango zenye thamani ya dola 60,000 kwa miaka mitano aliahidiwa uraia. Kwa dola 10,000 aliahidiwa kiwanja.

Kwa hiyo angalieni nani alikuwa mnunuzi aliyekusudiwa. Hakuwa mama wa sokoni Bangui wala dereva wa pikipiki. Alikuwa mtu wa mbali mwenye dola za kubahatisha, na bidhaa aliyowekewa mezani ilikuwa ardhi na utaifa wa watu wengine. Tarehe 29 Agosti 2022 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilizuia jambo hilo, ikiamua kwamba uraia hauna bei ya sokoni. Mauzo ya Sango yalibaki mbali sana chini ya lengo. Mwaka 2023 sheria ikarekebishwa na Bitcoin ikaondolewa kuwa fedha halali. Hata hivyo, Februari 2025 sarafu nyingine ilitangazwa kwa jina la nchi hiyohiyo, safari hii ya aina ile ambayo wenyewe wanaiita ya mzaha. Bei yake ilipaa kwa saa chache, kisha ikaporomoka. Waliouza mapema walipata. Waliochelewa ndio waliowalipa.

Mfano wa pili ni ule ulioahidi hasa jambo mnalouliza. Mwaka 2018 mwimbaji Akon, Mmarekani mwenye asili ya Senegali, alitangaza Akoin, sarafu ya kuwawezesha Waafrika kulipana kwa simu kuvuka mipaka, pamoja na mji mpya pwani ya Senegali ambamo sarafu hiyo ingetumika. Mwaka 2020 ilianza kuuzwa hadharani, na ukatangazwa mpango wa kuitumia katika mji wa kitabibu na kiteknolojia wa Mwale, magharibi mwa Kenya. Nia ilisemwa kwa maneno mazuri, na sina sababu ya kuikana. Lakini thamani ya Akoin iliteremka hadi ikakaribia kuwa si kitu, na Julai 2025 mamlaka ya utalii ya Senegali ilithibitisha kwamba mradi wa mji ule, uliotajwa kugharimu dola bilioni 6, haupo tena.

Kwa nini miradi yenye wakuu tofauti na nia tofauti huishia mahali pamoja? Tuchukue ubao na chaki. Mama anayeuza samaki anapokea asubuhi kripto yenye thamani ya franka 10,000. Kati ya hizo, faida yake ni 1,500. Zilizobaki ni mtaji wa kununulia samaki wa kesho. Jioni bei inashuka kwa asilimia 20, jambo la kawaida kwa sarafu hizi. Sasa ana 8,000. Faida yote imekwenda, na mtaji umemegwa. Tena ili arudi kwenye 10,000 haitoshi bei kupanda kwa asilimia 20. Sharti ipande kwa 25. Kesho hatapokea tena kripto, naye ana haki. Tugeuze mfano: bei inapanda kwa asilimia 20. Je, mteja atakubali kutoa leo sarafu ambayo kesho itanunua zaidi? Ataificha. Bei ikishuka, muuzaji anakataa kupokea. Ikipanda, mnunuzi anakataa kutoa. Katika hali zote mbili soko halipati fedha.

Hiki ndicho kiini cha neno langu. Fedha ya kila siku inataka utulivu: kwanga la leo na la kesho liwe na bei inayokaribiana. Mwenye kuizindua sarafu mpya kwa kuiuza anataka kinyume chake: bei ipande, ili zile alizojiwekea kwanza ziwe mali. Mtu hawezi kuahidi yote mawili kwa kinywa kimoja. Akiwaambia vijana, "Nunueni sasa kabla haijapanda," hapo hapo amekiri kwamba anachouza si cha kwenda nacho sokoni.

Linganisheni na fedha za simu tunazozijua. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007. Hapa Kongo ilifika 2012, ikiambatana sokoni na Airtel Money na Orange Money. Haikumtaka mtu anunue sarafu mpya. Salio lilihesabiwa kwa fedha ambazo watu walikuwa nazo tayari. Kwetu ni franka au dola. Ilitumika kwa simu ndogo ya vitufe, kwa kubonyeza nyota na tarakimu, pasipo intaneti. Na kila mtaa ulipata wakala mwenye meza na mwavuli, mtu mwenye uso na jina, anayeweza kuulizwa: fedha yangu iko wapi? Faida ya kampuni ilitoka katika ada ya huduma. Haikutegemea kupanda kwa bei ya salio la mteja. Ndiyo maana mwalimu, mchuuzi na mwendesha toleka waliielewa kwa siku moja.

Sisemi kwamba fedha za simu hazina kasoro. Ada zake huwaumiza wanaotuma kiasi kidogo. Mtandao hukatika, na umeme wa mji wetu mnaujua. Wakala huishiwa na fedha taslimu siku ambayo kila mtu anazihitaji. Anayeishi kijiji cha mbali kando ya mto husafiri ili apate wakala. Lakini tazameni vizuri: hakuna hata moja kati ya kasoro hizi inayoponywa na kripto. Pasipo mtandao, daftari la kompyuta nyingi nalo halisomeki. Pasipo umeme, ufunguo wa siri umelala katika simu iliyozimika. Na anayetaka kununua mihogo kwa mkulima asiye na simu bado atahitaji mtu wa kumbadilishia. Vijana wenye elimu wangefanya kazi kubwa zaidi kwa kudai ada nafuu na mawakala zaidi kuliko kwa kungoja sarafu ishuke kutoka mawinguni.

Tusisahau pia kwamba gharama ya kujiunga si fedha peke yake. Katikati ya 2023, Jijini Nairobi, maelfu ya vijana walipanga foleni ili mboni za macho yao zipigwe picha na chombo cha mradi wa Worldcoin, wakipewa sarafu za kripto zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi za Kenya. Mwanzoni mwa Agosti serikali ilisimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru taarifa za miili zilizokusanywa zifutwe. Neno la siri likiibwa, unalibadilisha. Jicho hubadilishi. Nani aliwaeleza hayo wale waliokuwa katika foleni, wengi wao wakihitaji mlo wa jioni?

Je, basi hakuna lolote jema katika daftari hili jipya? Lipo, na haki inataka lisemwe. Zipo sarafu za kripto zilizofungwa na thamani ya dola, na mfanyabiashara anayeagiza bidhaa Dubai au Guangzhou anaweza kuzitumia kulipa haraka na kwa ada ndogo. Hizo hazimpi mtu utajiri wa kubahatisha, na ndiyo sababu zinafaa kulipia. Hata hivyo, akipoteza ufunguo hana dirisha la kulalamikia, na sharti aiamini kampuni ya mbali kwamba dola zile zipo kweli. Mashariki mwa nchi yetu, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kutumia umeme wa maji wa Luviro kuendesha kompyuta zinazozalisha Bitcoin, wakati ambapo watalii walikuwa wametoweka, na mapato yakasaidia kazi ya hifadhi. Lakini angalieni: Virunga inauza Bitcoin kama mtu auzavyo kahawa. Haikuwaambia wanakijiji wanunulie mihogo.

Jaribio lililokaribia zaidi ndoto yenu lilianzia pwani ya Kenya. Mwaka 2013, katika mtaa duni wa Mombasa uitwao Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walianza kupokezana hati za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Kila mwanachama aliahidi kupokea hati hizo kwa bidhaa yake: huyu maji, huyu mboga, yule ushonaji. Siku ambayo shilingi zilikosekana mtaani, kazi ziliendelea. Polisi waliwakamata waanzilishi na baadhi ya wanachama, lakini mashtaka yakaondolewa mwaka huohuo. Baadaye shirika la Grassroots Economics lililihamishia wazo hilo katika daftari la kripto kwa jina la Sarafu, likitumika kwa simu ya vitufe. Wakati wa janga la korona, Msalaba Mwekundu wa Kenya ulishiriki, na watumiaji wapatao 40,000 walilipana kwa njia hiyo kati ya 2020 na katikati ya 2021.

Sarafu ya Mombasa ilitofautiana na Sango na Akoin katika mambo mawili. Kwanza, nyuma yake kulikuwa na kazi ya majirani wanaojuana: aliyekosa kutimiza ahadi alijulikana. Pili, haikukusudiwa kupanda bei. Hakuna aliyetajirika kwa kuificha, kwa hiyo ilizunguka. Mambo hayo mawili, sisi watu wa Kisangani tunayajua kwa jina jingine. Tunayaita likelemba. Katika likelemba kila mmoja anatoa, kila mmoja anapokea kwa zamu, na daftari husomwa mbele ya wote. Hakuna anayeahidiwa mara kumi ya alichotoa. Kama kuna kijana anayejua kuandika programu za simu na anatafuta kitu cha kuwaundia watu wetu, na aanzie hapo.

Mwisho nataka kusema juu ya upande unaogusa dhamiri. Wazee wenu wanaikumbuka Bindo. Mwaka 1990 hadi 1991, kule Kinshasa, watu walimpelekea mtu mmoja fedha zao kwa ahadi ya kuzizidisha mara nyingi kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kwa fedha za waliofuata, na furaha yao ndiyo iliyowavuta wengine. Ilipoanguka, familia nyingi zilipoteza akiba. Leo mbinu ileile huvaa nguo ya kripto: kijana anaahidiwa kamisheni kwa kila rafiki atakayemwingiza. Hapo hatari ya kuibiwa ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kwamba unageuzwa kuwa mkono wa kumwibia dada yako, mwimbaji mwenzako wa kwaya, jirani anayekuamini kwa sababu mnasali pamoja.

Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa Julai 2007 akiwa na miaka 26, alitolewa rushwa ili aache chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa, kwa kuwa aliwafikiria watakaokila. Kanisa lilimtangaza mwenye heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Swali lake linawafaa ninyi pia mnapoletewa faida ya haraka: mwishoni mwa mnyororo huu, nani atakula kilichooza?

Basi, kikundi chochote kikijiwa na mwaliko wa sarafu mpya, kiulize mambo matano mbele ya wote na kuandika majibu. Anayeizindua anapata faida kwa kutoa huduma, au kwa sisi kuinunua? Je, leo hii, katika soko letu, nani anaipokea kwa chakula? Ikishuka kwa nusu, nani atabeba hasara? Nikidhulumiwa, nitamlalamikia nani, na ofisi yake iko wapi? Je, naahidiwa kitu kwa kumwingiza mwingine? Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, mkutano umalizike hapo, na fedha ya kikundi ibaki katika sanduku lake lenye funguo tatu na daftari moja.